Injini ya Akiba

Lita moja ya dizeli ikiungua ndani ya injini huzaa takriban lita moja ya maji. Mtu aliyezoea kuona moto na maji ni mahasimu atadhani anachezewa akili, lakini ndivyo ilivyo. Dizeli ina haidrojeni nyingi, na haidrojeni ikikutana na oksijeni katika joto la silinda, kinachopatikana ni mvuke. Sehemu kubwa ya mvuke huo hutoka pamoja na moshi, ukapotelea juu ya mabati. Sehemu ndogo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampu, inakokaa oili. Injini ikiwa imepata moto sawasawa, mvuke haupati pa kutulia. Hufukuzwa kupitia tundu la kupumulia. Injini ikiwa baridi, mvuke hugeuka maji, maji yakajichanganya na oili, na ugonjwa ukaanza bila mtu kusikia lolote.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu iliposafishwa injini ya mashine ya kusaga ya shangazi yangu, huko Dongobesh, wilayani Mbulu. Ni injini ya silinda moja, ya mwendo wa polepole, yenye magurudumu mawili mazito ubavuni. Watu wa Mbulu na Hanang huiita Lister tu, hata pale bamba lake linapoonyesha kwamba ilitengenezwa Rajkot, India. Jina hilo ni la kampuni ya R. A. Lister ya Dursley, Uingereza, iliyoanza mwaka 1867, na ambayo kufikia miaka ya 1930 ilikuwa inauza injini za dizeli za umbo hilihili. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Gari dogo lililosimama huku injini ikiunguruma taratibu huzunguka zaidi ya hapo. Uzito wa injini hii unapita kilo 300, na imefungwa kwa boliti kwenye zege ambalo mjomba alilimwaga mwenyewe. Kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyowajulisha akina mama wa vilimani kwamba leo kinu kinasaga, wajitwike mahindi na mtama washuke. Waliokuwa wakubwa kwao walisaga juu ya jiwe, kwa mikono na magoti. Anayeidharau injini ya kinu hajawahi kupiga magoti mbele ya jiwe hilo.

Kisha umeme ulifika. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na miaka iliyofuata nguzo zilianza kupanda miteremko ya Mbulu kijiji baada ya kijiji. Shangazi akanunua mota. Mota haihitaji kuzungushwa kwa hendeli alfajiri ya baridi, haitoi moshi, na gharama yake kwa debe moja la mahindi ni ndogo. Injini haikuuzwa. Ilibaki palepale kwenye zege lake, mkanda ukavuliwa na kutundikwa ukutani, na tangu hapo ikawa ya akiba.

Kila wiki kijana wa kinuni aliiwasha kwa dakika tano, ikapiga, akaizima, akarudi kwenye mota. Aliamini anaitunza, na wengi wetu tungeamini hivyo. Lakini dakika tano hazitoshi kuipasha moto injini nzito namna hiyo, hasa inapopozwa na pipa zima la maji lililosimama kando yake, na hasa Mbulu, ambako mwezi wa Juni na Julai ukungu hauondoki mapema na chuma hulala baridi usiku kucha. Katika dakika tano hizo dizeli iliungua, mvuke ukazaliwa, ukashuka kwenye sampu iliyo baridi, ukageuka maji. Wiki iliyofuata yakaongezeka mengine. Hakuna siku lilipopatikana joto la kuyakausha. Injini ilikuwa inatiliwa maji kidogo kidogo na mkono uleule uliodhamiria kuilinda.

Watu wa pwani wenye vyombo vya tanga wanaujua ugonjwa huu kuliko sisi wa bara. Chombo kinachosafiri kwa tanga huitumia injini kutoka bandarini na kuingia, na siku ya shwari upepo unapokatika. Dakika kumi, robo saa, basi. Muda uliobaki injini imelala chini ya sitaha, jirani na ngama, penye unyevu wa chumvi. Kwao kuna na hatari nyingine ambayo sisi hatuna. Injini nyingi za baharini hupozwa kwa maji ya bahari, na maji hayo hutolewa nje kupitia njia ya moshi. Nahodha akiizungusha muda mrefu bila kuwaka, hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanajaa, yanarudi nyuma, yanapita kwenye valvu ya ekzosi hadi ndani ya silinda, na kutoka hapo yanateremka kwenye oili. Maji ya chumvi hayangoji. Siku chache zinatosha kuanzisha kutu juu ya chuma kilichosuguliwa kikang'aa. Isitoshe, injini ya chombo imekaa chini mno kiasi kwamba nati ya kumwagia oili haifikiki, kwa hiyo oili hufyonzwa kwa pampu ya mkono kupitia tundu la stiki. Inayotoka ni ile nyepesi. Nzito, yenyewe hasa yenye ubaya, hubaki imeganda chini.

Siku hizi kati ya Pangani na Unguja mambo yamegeuka: vyombo vingi vinakwenda kwa injini na tanga ndilo limekuwa akiba. Nalo lina ugonjwa wake. Likikaa limekunjwa lingali na unyevu, ukungu hulila kwenye mikunjo, na siku injini itakapozima katikati ya mkondo ndipo litakapofunguliwa na kupasuka.

Fundi aliyeitwa kuja Dongobesh ni mzee ambaye ujana wake aliutumia katika karakana za mashamba ya ngano ya Basotu, upande wa Hanang. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kwenye injini bila kugusa spana. Alikuwa ameagiza tangu jana yake isiwashwe wala isizungushwe, ili maji yaliyo huru yashuke chini. Akachomoa stiki ya oili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Fundi, si tumwage tu tuweke mpya?" shangazi akauliza. Alikuwa ameshanunua galoni.

"Mama, ukiweka mpya juu ya hii, kesho na mpya itakuwa hii."

Ilinibidi nimwulize baadaye anieleze, na maelezo yake yanalingana na yale yaliyomo katika vitabu vya ufundi. Oili ya injini inayouzwa leo imetiwa kemikali za kuushikilia uchafu uelee, usigande mahali pamoja. Kemikali hizohizo hushikilia na maji. Yakiwa kidogo hugawanyika vitone vidogo mno ambavyo havitengani tena na oili hata ukiiacha usiku mzima. Masizi ya moshi yanajiunga nayo. Salfa iliyomo katika dizeli ikiungua kisha ikakutana na maji huzaa asidi, na asidi hula beringi. Mchanganyiko unazidi kuwa mzito mpaka unaganda kwenye kona na sakafu ya sampu, tope jeusi lenye kunata, na ndani ya tope hilo maji yamefungiwa. Ukimwaga iliyo juu na kujaza mpya, tope la chini huachia maji yake na masizi yake katika oili mpya kuanzia dakika ya kwanza.

Kuna jambo moja ndani ya injini ambalo kila nikilifikiria linanistaajabisha. Kranki inazunguka ikiwa imebeba kishindo cha kila mlipuko wa silinda, lakini ikiwa mambo ni sawa chuma chake hakigusi chuma cha beringi. Kati yao kuna utando wa oili wenye unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita. Uzito wote umeegemea hapo. Kitone cha maji kikiingia katika utando huo hakiwezi kuubeba mzigo. Kinaachia, na chuma kinakikuta chuma. Haitokei mara moja kwa mshindo. Hutokea mara 650 kwa dakika, kidogo kidogo, na anayesikiliza kwa nje husikia injini inapiga vizuri.

Kabla ya kumwaga, fundi alifanya jaribio ambalo halihitaji chombo chochote cha maabara. Alipasha bati nene juu ya jiko la mkaa, akadondosha tone la oili iliyo safi kutoka galoni jipya. Likatoa moshi mwembamba, likatulia. Akadondosha tone la oili ya sampu. Likatatarika na kuruka. Maji yakichemka ghafla ndani ya mafuta hayakai kimya. Shangazi alirudi nyuma hatua moja, na tangu hapo hakuuliza tena habari ya kumwaga tu na kuweka mpya.

Nati ya chini ilipolegezwa, cha kwanza kutoka kilikuwa maji, yenye wekundu wa kutu, karibu kikombe kizima. Ndipo ikafuata oili, polepole. Fundi alisubiri mpaka imeacha kudondoka, akafungua mlango wa ubavuni. Hapo ndipo ninapoona uzuri wa injini hizi ambao kwangu unazidi uimara wake. Ubavuni mwake mna mlango, na ukifungua boliti zake chache mkono wako unaingia mpaka kwenye kiwiko, unafika kwenye kranki, unafika kwenye sakafu ya sampu, unagusa kila kona kwa vidole. Uchafu wake unafikika. Injini ya chombo cha baharini, iliyosongwa kati ya mbao, humlazimu mtu alale kifudifudi na kufanya kazi kwa kubahatisha. Jenereta za kisasa zilizofungwa ndani ya sanduku lenye rangi nzuri hazina mlango wa namna hii. Mtu anayekinunulia mtambo kijiji kilicho mbali na muuza vipuri ningemshauri, kabla ya kuuliza una nguvu kiasi gani, aulize mkono unafika wapi.

Tope lilikwanguliwa kwa kipande cha mti kilichochongwa bapa. Chuma kingeacha mikwaruzo. Lilitoka kwa vipande, zito, na harufu yake ilikuwa ya uchachu zaidi kuliko ya mafuta. Chini yake kabisa, kwenye kona ya nyuma, fundi alivuta vidole vyake juu ya chuma kisha akanionyesha: mchanga. Chembe za kijivu, kali. Mchanga huo haukutoka Dongobesh. Injini nyingi zilizonakiliwa Rajkot zinajulikana kwa kutoka kiwandani zikiwa bado na mchanga wa kalibu iliyotumika kumiminia chuma chake, na mwenye bahati huupata kabla haujafika kwenye beringi. Injini hii ilikuwa imesaga mahindi ya nusu kata ikiwa na mchanga wa Rajkot kwenye kona yake. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika chini kiasi hicho. Injini nyingi za aina hii hazina filta ya oili. Kilicho mfano wa kijiko chini ya konrodi huchota oili katika kila mzunguko na kuirusha juu, na chochote kilichomo katika oili hurushwa nayo. Kilichoiokoa ni uzito wa mchanga wenyewe, ulioukalisha chini.

Baada ya kukwangua yakafuata mafuta ya taa na brashi, kisha matambara ya pamba yasiyoacha nyuzi, kisha mafuta ya taa tena. Petroli aliikataa. Mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo, na jiko la mkaa lilikuwa bado lina moto uani. Alifuta mpaka tambara likatoka kavu, maana mafuta ya taa yakibaki huifanya oili mpya kuwa nyepesi ishindwe kubeba. Madukani kuna dawa zinazouzwa kwa ahadi kwamba ukizimimina katika oili kuukuu na kuiendesha injini robo saa, uchafu wote utayeyuka utoke. Nadhani zinafaa kwa injini ambayo haijachafuka sana. Kwa injini yenye tope lililoganda, na hasa yenye pampu ya oili, sizitaki. Tope lililotulia kwenye kona lina madhara yake, lakini likilegezwa kwa pamoja huenda kuziba chujio la pampu, na injini isiyopata oili hata kwa dakika chache huharibika kuliko ile iliyopata oili mbaya kwa mwaka.

Kazi ilikuwa bado nusu. Maji yalikuwa mengi kuliko mvuke wa dakika tano tano. Fundi akajaza pipa la kupozea, akatandika karatasi nyeupe chini ya silinda, ndani, akaacha mlango wazi usiku kucha. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu: gasketi ya silinda hedi haivujishi. Akapanda juu ya paa. Bomba la ekzosi lilikuwa linatazama angani, wazi, na ndani yake kulikuwa na mchirizi wa kutu. Zamani lilifunikwa kwa kopo lililoinamishwa, lenye bawaba ya waya, linaloinuliwa na moshi injini ikiwaka na kujifunika ikizimwa. Kopo lilianguka wakati usiojulikana. Injini ilipokuwa ya kila siku, kuanguka kwa kopo kungeonekana siku hiyohiyo. Ilipokuwa ya akiba, masika yote yaliingia humo.

Oili iliyotoka ilikingwa kwenye debe. Kabla ya saa sita walishafika watu wawili kuiomba wapake nguzo za uzio, mchwa wasizile. Desturi hiyo imeenea, na naielewa, kwa kuwa mchwa wa kwetu wanamaliza nguzo kwa misimu michache. Lakini oili chafu imebeba masalia ya moshi na madini ya beringi, ni sumu kwa ngozi ya anayeipaka na kwa udongo inamochuruzika, na nyuma ya kinu kuna korongo linaloteremka hadi kwenye chemchemi wanakoteka maji watu wa bondeni. Shangazi aliifungia kwenye dumu mpaka apatikane mkusanyaji mwenye kibali. Ni jambo la kusikitisha kwamba njia hiyo ni ngumu kuliko kumwaga korongoni, na sioni sababu halmashauri zetu zisiweke pipa la kupokelea oili chafu katika kila mji mdogo wenye gereji.

Tulipokuwa tunasubiri karatasi ile, fundi alisimulia Basotu. Mpango wa ngano ulioanza mwaka 1970 kwa msaada wa Kanada, chini ya shirika la NAFCO, ulikuja na matrekta, mashine za kuvunia na vipuri kutoka hukohuko Kanada. Mashamba yakawa saba, jumla yake takriban ekari 100,000. Alijifunza hapo usafi wa karakana na anausema kwa heshima hadi leo: oili kwa ratiba, kila kifaa mahali pake, tambara safi. Alisimulia pia namna mitambo ilivyosimama mmoja mmoja kipuri kilipokosekana, ikageuka ghala la vipuri kwa mingine, mpaka ikabaki mifupa.

Lakini uwanda ule ulikuwa na watu wake kabla ya ngano. Wabarabaig, wafugaji wa jamii ya Datoga, walikuwa wanahamisha mifugo kati ya malisho ya aina mbalimbali kwa kufuata mvua, na ardhi yenye rutuba kuliko zote, wanayoiita muhajega, waliiingia kwa zamu na kuiacha ipumzike. Aliyepita hapo wakati wa mapumziko aliona uwanda mtupu. Waliopanga mashamba waliona uwanda mtupu. Kumbe ilikuwa akiba, tena akiba hai, kwa sababu ilikuwa na zamu yake. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO, Mahakama Kuu Arusha ikakipa haki mwaka 1984, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka uliofuata. Hasara ile haijafidiwa kwa kadiri yake, na sidhani inafaa kuisimulia Basotu kwa ngano peke yake.

Nayaweka mambo haya pamoja kwa sababu yananionyesha aina mbili za akiba. Wabarabaig waliitunza ardhi yao kwa kuirudia kwa kipimo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wenye vihenge vyake Babati, hufanya jambo la ukoo huo: nafaka ya zamani huuzwa, mpya ikanunuliwa, ghala likabaki na chakula kinacholika. Aina ya pili ni ile ya kuweka na kuondoka. Kitu kinakuwepo, kinahesabiwa kuwepo, jina lake limo katika mipango yetu, lakini ndani kimekwisha kugeuka kingine.

Na siku ya kukihitaji haipigi hodi. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi ilikuwa katika mgao wa umeme, na vinu vingi vilitazama tena injini zao za kale. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba mwaka huo, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang, mlima wa volkano wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Jorodom na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Nyumba zilifukiwa, barabara zikafungwa, miundombinu ya maji na umeme ikaharibika. Mbele ya msiba wa namna hiyo mtambo ni kitu kidogo, na sitaki kuupa uzito usio wake. Ila walionusurika walihitaji kula jioni ileile, na unga haupatikani bila kitu kinachozunguka mahali fulani. Familia za Mbulu na Babati zilizopokea ndugu kutoka Katesh zilijikuta zinasaga mara mbili ya kawaida yao katika majuma ya mgao.

Kuhusu injini iliyofunikwa na tope la namna ile, fundi ana kanuni moja anayoisema kwa sauti kubwa: isizungushwe. Hata mzunguko mmoja wa kuona kama ni nzima unavuta matope ya mlima, yenye chembe kali, kati ya pistoni na silinda na ndani ya beringi, na kuharibu kile ambacho maji peke yake hayajakiharibu bado. Ifunguliwe kwanza, ioshwe, ijazwe mafuta mpaka shingoni kuzuia kutu, ndipo mengine yafikiriwe.

Ya shangazi ilijazwa oili mpya, ikazungushwa kwa mkono bila kuwashwa mpaka fundi aliporidhika kwamba kila beringi imelowa. Kisha ikawashwa, mkanda ukarudishwa, na akadai mahindi. Hakutaka ipige bure. Aliitaka ivute mzigo, kwa sababu ni mzigo unaoleta joto. Pipa kubwa la kupozea lilibadilishwa na dogo ili maji yapate moto mapema. Alikuwa anaweka kiganja juu ya silinda hedi, anakiondoa, anakirudisha, mpaka akashindwa kukirudisha. Baada ya saa chache za kusaga aliimwaga oili ile mpya yote, na ilikuwa imeshapata utusitusi. Ya pili ilitoka na rangi ya kahawia, safi kiasi, lakini juu ya bati la moto ilitatarika kidogo. Akasema itahitajika ya tatu.

Shangazi alikaa kimya juu ya hiyo ya tatu. Galoni mbili zilikuwa zimekwenda, na faida ya kinu cha kijiji si kubwa. Kijana wa kinuni alipendekeza waahirishe hadi mavuno.

"Mama, maji hayaahirishi," fundi akasema, "lakini mimi naweza kungoja malipo ya ufundi wangu mpaka mavuno. Nunua oili."

Akanunua. Na akaweka utaratibu ambao mpaka sasa anaufuata: siku ya mnada, wateja wanapokuwa wengi, mota inazimwa asubuhi na injini inasaga mpaka adhuhuri, kwa bei ileile ya umeme. Dizeli ni ghali zaidi, kwa hiyo kila mnada anapoteza fedha kiasi. Ameiandika hasara hiyo katika daftari lake, kwenye ukurasa mmoja na kodi na ada ya leseni.